Pakiti za Emong

Soko la Matayos,
Jumatatu, tarehe 12 Mei.

Kwa mama yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, kwa mkweo Dancan na kwa mjukuu wako Akwii. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limepunguza maumivu, na kibanda chako cha chakula pale kwenye foleni ya malori kina wateja wanaokula na kumaliza. Sisi huku hatujambo. Mvua imenyesha wiki mbili mfululizo na kunde za nyuma ya nyumba zimechipuka hadi tunawagawia majirani. Dancan bado anabeba mahindi kupeleka Busia kwa pikipiki, na mimi bado niko na cherehani yangu kwenye veranda ya duka la nafaka. Hapo ndipo ninapoandikia, juu ya meza ya kukatia vitambaa, na kuna mteja mmoja ameninunia kwa sababu sketi yake haijaguswa.

Najua na wewe umeninunia. Jumapili ulipiga simu, ukasema uliyosema, ukakata. Nikapiga, ukakata. Nikapiga tena, ukazima kabisa. Basi nimeona niandike, maana barua haikatiki. Dancan ataileta mwenyewe Jumatano na kuiweka mkononi mwako.

Najua pia kwamba miwani yako ilivunjika, na kwamba atakayekusomea ni Emong. Emong ndugu yangu, hujambo? Soma yote, usiruke kitu, hata ukifika mahali pagumu. Nilifikiria kumtafuta mtu mwingine wa kuisoma, nikaona hapana, barua hii ni yako kabla haijawa ya mtu mwingine yeyote. Na wewe mama, tafadhali, akisitasita kwenye maneno marefu usimkaripie, wala usimwambie yale ya siku zote, kwamba kichwa chake ni kizito. Ana haki ya kusoma polepole. Sababu yake iko humu ndani, na mimi ndiye ninayeijua.

Nianze na habari iliyokukasirisha. Ni kweli, mama mdogo Apolot yuko kwangu. Aliyekuambia hakukudanganya. Yuko hapa tangu mwezi wa pili, analala chumba cha mbele, na nikija sokoni asubuhi ndiye anayebaki na Akwii, anamwogesha, anampikia, anamlisha. Nayaandika maneno yako kama ulivyoyasema kwenye simu, usidhani yalinipita: "Aliniharibia mtoto wangu, sasa unampatia na mjukuu? Nakuja Jumamosi kuchukua huyo mtoto, na nisimpate huyo mwanamke hapo." Tangu nikiwa darasa la tatu hujamwita kwa jina. Ni huyo mwanamke tu, na mlinyonya titi moja.

Kwa hiyo tunajua sote kinachokuja Jumamosi. Utachukua mtoto, na dada yako atafukuzwa mara ya pili kwa kosa lile lile. Nakuomba usikie mpaka mwisho kwanza. Nataka ujue kwa nini nimemkabidhi mtoto wangu mtu ambaye ukoo mzima unasema alimnyima mtoto chakula.

Akwii aliugua mwezi wa kwanza. Sikukuambia vizuri wakati ule, nilisema ni homa ya meno. Alihara siku sita, na alipopona hakutaka tena kula. Alikuwa na miezi tisa. Mimi nilikuwa na sare za shule za kushona hadi nikasahau jina langu, kwa hiyo nilimpa uji mweupe wa mahindi asubuhi, chai na mkate wa kuchovya mchana, na jioni ugali na mchuzi. Nilijiambia ndivyo tulivyolelewa sote. Alikuwa halii, na mtoto asiyelia kwa mama mwenye kazi nyingi ni baraka, au nilidhani hivyo.

Kijijini kwetu kuna mhudumu wa afya ya jamii, mama mmoja mpole anaitwa Edinah, anayepita nyumba kwa nyumba. Alimfunga Akwii ule utepe wa rangi tatu wa kupimia kukonda kwenye mkono, na utepe ukasimama kwenye manjano. Akaniuliza mtoto anakula nini, nikamwambia. Hakunigombeza. Aliingia jikoni kwangu, akauliza nina nini, akapika uji wa wimbi na kuutia njugu zilizosagwa na dagaa wa omena waliotwangwa hadi wakawa unga, akaponda na kiini cha yai. Alisema tumbo la mtoto ni dogo kama ngumi yake, kwa hiyo kila kinachoingia lazima kiwe na kazi ya kufanya. Akasema tangu mimba hadi miaka miwili mtoto anajenga mifupa na ubongo kwa pamoja, na baadaye hakuna fundi wa kuja kurekebisha. Nilicheka, kwa sababu mimi ni fundi na nguo huwa zinarekebishika. Yeye hakucheka.

Wiki iliyofuata mkono ulikuwa bado kwenye manjano, akatutuma zahanati. Huko walimpima, wakanipa pakiti. Mama, ni zile zile. Zile pakiti za njugu laini, tamu, ambazo Emong alipewa. Nilikuwa sijaziona kwa miaka kumi na tano. Nesi alinieleza kana kwamba ndiyo mara yangu ya kwanza kusikia: hii ni dawa, si chakula cha nyumba, ni ya mtoto huyu peke yake, na pakiti tupu nizirudishe zihesabiwe.

Nilifika nyumbani, nikampakata Akwii, nikararua kona ya pakiti ya kwanza. Harufu ya njugu na maziwa ilinipiga, na mdomo wangu ukajaa mate. Mwanamke wa miaka ishirini na nne, na mtoto wangu mgonjwa mapajani, na mimi nikameza mate. Nilimpa Akwii pakiti yote, nikamtazama hadi akamaliza, kisha nikampeleka kwa jirani na kukaa chini sakafuni. Kesho yake asubuhi nilikwenda Osieko, kule ziwani, kumtafuta mama mdogo. Nilichomwambia nitakueleza, lakini kwanza ngoja nikukumbushe yale tunayoyajua sote, ili nisije nikapunguza kitu.

Ulipokwenda Eldoret kulea watoto wa watu, Emong alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili. Sikulaumu. Baba alikuwa amepotelea Juba na mtu lazima ale. Mama mdogo alituchukua wote wawili katika chumba chake kimoja pale Malaba. Hakuwa na mtoto wake, na alikuwa na biashara ya nyanya. Aliondoka alfajiri kuvuka ng'ambo kuzichukua na kurudi jioni, na Emong alikaa kwa jirani hadi nitoke shule. Emong alikatishwa titi siku moja, akawa anakunywa uji wa muhogo na chai. Halafu akapata surua, akabaki macho na mbavu. Mama mdogo ndiye aliyembeba mwenyewe kumpeleka kliniki, hakuna aliyemtuma. Hapo ndipo alipopewa pakiti, tatu kwa siku.

Kila wiki pakiti zilichukuliwa, na kila wiki tupu zilirudishwa, hesabu kamili. Mtoto akaonekana anaongezeka, halafu akaonekana amesimama, halafu ukaja likizo ya Agosti ukamkuta miguu imevimba, nywele zimekuwa nyekundu, na hajasimama hata mara moja. Ulipiga yowe nililosikia nikiwa kisimani. Alilazwa wiki tatu, na wewe ukalala chini ya kitanda chake wiki tatu.

Alipotoka hospitali, babu Mzee Omuse aliita watu wa ukoo. Unakumbuka vile ilivyokwenda. Jirani mmoja alisema ameona pakiti kama zile zikiuzwa soko la ng'ambo. Mwingine akasema Apolot huvuka mpaka kila siku. Hakuna aliyehitaji kusikia zaidi. Mama mdogo aliapa kwamba kila asubuhi alimlisha Emong pakiti moja yeye mwenyewe, na mbili aliniachia mimi, ya saa saba nikitoka shule na ya saa kumi. Mzee Omuse akaniita nisimame katikati. Akaniuliza kama ni kweli mama yangu mdogo alikuwa ananiachia dawa ya mtoto.

Nilisema, "Hapana, babu. Hakuniachia."

Mama mdogo hakupiga kelele. Alinitazama kidogo, akafunga leso yake upya, akatoka uani.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi, maana mengine uliyafanya wewe. Kwenye chungu cha pombe ya ajono hakuna aliyempa mrija tena. Wanawake waliacha kununua nyanya zake, wakisema mkono unaokula chakula cha mtoto si mkono wa kushika. Mama yenu alipofariki, ulisema akikanyaga uani hutazika, naye akasimama kwenye shamba la jirani, nyuma ya ua wa mikatani, akamzika mama yake kwa macho. Baada ya hapo akaenda kuishi Osieko ambako hakuna anayemjua, kuanika omena za watu.

Na Emong akakua, kama huko ni kukua. Unajua kila Januari ninamshonea suruali za shule. Ana miaka kumi na sita. Kila Januari ninampima, na kila Januari ninakata kitambaa cha mtoto wa miaka kumi na moja. Wenzake wamemtangulia madarasa mawili. Umempeleka kwenye maombi, umempeleka kwa mzee wa miti shamba, umemchapa, umemlilia, umemlaani huyo mwanamke, kisha umemchapa tena. Mimi nilikuwa napindisha suruali na kunyamaza.

Sasa nakuambia nilichomwambia mama mdogo kule Osieko.

Aliniachia, mama. Kila siku aliniachia. Pakiti mbili juu ya rafu, kila siku ya Mungu, tangu mwezi wa tano hadi ulipokuja. Mimi ndiye niliyezila.

Siku ya kwanza nililamba kona tu nilipokuwa nairarua. Siku ya pili nilionja kidogo. Haikuisha wiki nikawa ninakula nusu, na kabla ya mwezi kuisha nilikuwa ninakula yote, ya saa saba na ya saa kumi. Nakuomba usiseme nilikuwa na njaa. Mama mdogo naye alisema hivyo mwanzoni, kabla sijamweleza yote. Lakini aliniachia ugali na mboga kwenye sufuria kila siku, na nilikuwa nimeshiba. Nilizila kwa sababu ni tamu. Nyingine nilizipeleka shule, tukapaka kwenye muhogo wa kuchoma na rafiki yangu Sharlyne, na ndiyo sababu katika muhula ule kila mtu alitaka kukaa karibu nami.

Emong alikuwa anafungua mdomo akisikia pakiti inapasuka. Nilimpa karatasi tupu alambe. Alikuwa anacheka, mama. Alidhani hiyo karatasi ndiyo chakula. Nikishaona amelamba imeng'aa, nilimpa uji wa maji na kuitia karatasi kwenye mfuko wa tupu ili hesabu isipotee.

Siku ya mizani ilikuwa Jumanne. Nilimsikia nesi akimsifu mama mdogo wiki moja kwamba mtoto ameongezeka, na nikaona alivyofurahi. Basi kila Jumanne asubuhi, kabla hawajaondoka, nilimnywesha Emong maji. Kikombe juu ya kikombe, hadi tumbo likawa gumu. Mizani ikapanda, nesi akaandika, mama mdogo akarudi akiimba. Ndiyo maana ilichukua muda mrefu hivyo kwa watu wa kliniki kujua kuna shida. Waliona kitabu kinasema vizuri. Miguu ilipoanza kuvimba, niliibonyeza kwa kidole, pakabaki shimo, nikafikiri amenenepa. Nilimwita mama mdogo kumwonyesha kwamba mtoto amenenepa.

Na kwa nini nilidanganya mbele ya Mzee Omuse? Sikuogopa kuchapwa. Nilikuona umempakata Emong, hujamweka chini tangu mrudi kutoka hospitali, na nikafikiri ukijua utarudi Eldoret naye, mimi uniache. Hiyo tu. Nilikuwa na miaka tisa. Ile miaka tisa siku hizi nikijitahidi naweza kuisamehe. Lakini nilikuwa na kumi na tatu pia, mama, nikaona mama mdogo amesimama nyuma ya ua wa mikatani, nikageuza uso. Nilikuwa na kumi na nane. Nilikuwa na ishirini na mbili siku ya mahari yangu, ukauliza kwa sauti ikiwa kuna aliyemwalika huyo mwanamke, na mimi nikajibu kwamba mimi sikumwalika. Miaka kumi na tano ya kunyamaza siwezi kuisingizia utoto.

Kule Osieko nilimkuta anageuza omena kwenye nyavu juani. Alinisikiliza huku akiendelea na kazi. Nilipofika kwenye maji ya Jumanne aliacha. Nilikuwa nimejiandaa kulia, kupiga magoti, na nikapiga. Alisema, "Velma, toka hapa kabla sijakupiga. Toka." Hakunisamehe, na usidhani baadaye alinisamehe. Nilirudi Matayos bila hata kunywa maji yake.

Baada ya wiki mbili alikuja sokoni na beseni la omena kichwani, akasimama mbele ya cherehani yangu. Alikuwa amesikia kutoka kwa mtu wa samaki kwamba mtoto wangu bado ni mgonjwa. Akaniambia, "Nimekuja juu ya mtoto. Wewe bado sijakuamulia." Akaweka sharti moja, kwamba nikuandikie wewe yote, na Emong asikie kwa masikio yake mwenyewe. Nilikubali. Hiyo ilikuwa mwezi wa pili, na leo ni mwezi wa tano. Kila Jumapili ananiuliza kama nimeandika na kila Jumapili namjibu kwamba nitaandika kesho. Hata sasa nisingeandika kama wewe hungesema unakuja. Ujue umezaa mtoto wa namna gani.

Na kwa vile utakuja kumtazama, nikuambie anavyomlisha Akwii. Anamtilia kwenye kisahani chake peke yake, si sahani ya watu wote. Ndani kuna mayai, kunde, maharagwe yaliyopondwa, omena yake aliyotwanga mwenyewe, na parachichi likipatikana. Edinah anasema hajaona anayemlisha mtoto kwa subira kama yule. Lakini hamlishi ndani. Anatoka naye nje, anakaa barazani karibu na njia, mlango wazi, ili kila anayepita aone kijiko kinaingia mdomoni mwa mtoto. Akimaliza, anamwita mama wa jirani aone kisahani kitupu. Nikirudi jioni ananionyesha sufuria bila mimi kuuliza. Nimemwambia mara nyingi aache. Anasema mimi sijui watu. Mwanamke wa miaka arobaini na mitano anatafuta shahidi wa kila kijiko, na niliyemfanya hivyo ni mimi.

Mkono wa Akwii sasa uko kwenye kijani. Anasimama kwa kushikilia viti na anamtukana kuku kwa lugha yake.

Emong, sasa nasema na wewe. Najua umesoma yote hayo kwa sauti yako mwenyewe, na mama amekaa hapo. Pole. Nilimwuliza Edinah kana kwamba namwulizia mtu baki, kama mtoto aliyekosa chakula katika umri ule huweza kubaki mfupi na kupata shida ya kushika masomo. Alisema inawezekana kabisa. Alisema pia hakuna anayeweza kupima kwamba hiki kimetokana na njaa na kile ndivyo mtu alivyoumbwa, na kwamba mtu akifundishwa kwa upole bado anaweza kwenda mbali. Lakini kuna kisichorudi, na hilo alilisema pia. Kwa hiyo sijui nilikula kiasi gani chako, Emong. Nimekaa nayo hiyo hesabu tangu Januari na haina jibu.

Wewe si mvivu. Wewe si mjinga. Hukurogwa, na hakuna pepo wa kuombewa akutoke. Ulikuwa mtoto mwenye njaa, ukamfungulia mdomo dada yako, naye akakupa karatasi. Ukitaka kunichukia una ruhusa, na ukitaka kukaa miaka mingi bila kusema nami nitangoja. Suruali zako nitashona vilevile na kumpa Dancan alete. Siandiki ili unifariji. Ukijikuta unaanza kunionea huruma, maana najua moyo wako, tafadhali acha.

Mama, narudi kwako. Jumamosi njoo. Sikuzuii, mlango ni wako. Nimeshampigia Mzee Omuse simu na kumwomba aje nawe, pamoja na wale wazee wawili waliobaki wa mkutano ule, na Dancan atakwenda kuwachukua. Nitasimama katikati kama nilivyosimama, na nitasema mbele yao kwamba aliniachia. Watakalolitamka juu yangu nitalipokea. Dancan anajua yote, nilimwambia usiku wa kuamkia leo.

Ila nakuomba jambo moja. Fika saa sita, ndipo Akwii anapokula. Usiseme kitu. Kaa hapo barazani mtazame dada yako akimlisha hadi kisahani kiishe. Baada ya hapo, ukiona bado unataka kumwondoa mtoto mikononi mwake, nitamfungia Akwii nguo zake mwenyewe na kukupa. Na ukiona kuna anayestahili kutoka uani kichwa kikiwa chini, ujue safari hii ni mimi, na nitakuwa nimesimama pale pale.

Nisalimie wote wa hapo kibandani, na wale madereva wanaopenda kuniuliza nitarudi lini. Akwii anakusalimu, ana meno sita na yote anayatumia. Dancan anakusalimu na anaomba umwekee chapati Jumatano. Emong sina uso wa kumtumia salamu, lakini nazituma.

Mama mdogo hajanipa salamu zake. Nilipomwambia leo asubuhi kwamba naandika kweli, alimaliza kumfuta Akwii mdomo, kisha akasema salamu zake kwa dada yake hazipiti kwangu tena. Atazitoa mwenyewe Jumamosi, kwa mkono, kama utaupokea.

Ni mimi mtoto wako,
Velma Akurut.